Jina la Mbinu Lije Mwisho

Barua za mwezi huu zimenirundikia meza, na nyingi zinauliza jambo moja kwa midomo tofauti: mtu amesoma, maneno ameyaelewa, lakini anahisi kuna kitu mwandishi amekifanya mbele ya macho yake naye hakukiona. Nilifundisha Kiswahili miaka 31 kabla ya kustaafu, na swali hilo halijanichosha hata leo. Nimechagua barua sita. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu ina deni langu la zamani ndani yake.

*

Shikamoo Mwalimu. Niko sekondari. Nimekariri tamathali zote za semi na mbinu nyingine za sanaa, hata ukiniamsha usiku wa manane nitakutajia moja moja na maana zake. Lakini kila nikijibu swali la fasihi, mwalimu wetu ananiandikia pembeni kwa wino mwekundu maneno mawili tu: "Kwa hiyo?" Alama hazipandi. Nikariri nini tena?
– Mwanafunzi wa Kwa Hiyo

Marahaba, mwanangu. Usikariri kitu kingine. Ulichonacho kinatosha, ila umekishika upande wa makali.

Nakuandikia kifungu kifupi, nimekitunga sasa hivi ili tukitazame pamoja:

"Baba alirudi usiku. Mlango ulikohoa, ukafunguka. Viatu vyake viliingia kwanza, vikasimama, vikageuka upande wetu. Dada akanibana mkono."

Najua jibu lako lingekuwaje: "Mwandishi ametumia tashihisi, kwa mfano, mlango ulikohoa." Ni kweli kabisa. Mlango hauna mapafu, hapo umepewa tendo la mtu, na hiyo ndiyo tashihisi. Sasa msikie mwalimu wako: kwa hiyo?

Fanya hivi. Liondoe neno "ulikohoa", weka "ulitoa sauti", kisha usome upya kifungu chote. Umepoteza nini? Sikiliza vizuri. Katika mistari ile hakuna mtu hata mmoja anayetoa sauti. Baba hasalimu, watoto hawamlaki, dada anambana mwenzake mkono badala ya kusema naye. Mwenye sauti ndani ya nyumba ile ni mlango peke yake. Kikohozi ambacho mwenye nyumba angekitoa ili ajulishe amefika, kimetolewa na mbao na bawaba. Hapo tashihisi imefanya kazi: imeupa mlango uhai katika nyumba ambayo walio hai wanaogopa hata kupumua. "Ulitoa sauti" haiwezi kufanya hivyo.

Halafu viatu. Kwa nini viatu viingie kwanza, badala ya uso au mabega? Jiulize macho ya msimulizi yako wapi. Yako chini. Anayesimulia amelala sakafuni, labda uvunguni mwa kitanda, na kutoka pale anachokiona ni viatu tu. Mwandishi hakuandika "tulijificha". Hakuandika "tulimwogopa". Ameyaweka macho ya mtoto usawa wa viatu, yaliyobaki tumeyajua wenyewe. Ukipenda iite taswira, yaani picha inayojengwa kwa maneno, hutakosea. Lakini ona kwamba tumefika kwenye kiini cha kifungu bila kutaja jina lolote, na ungetaja "taswira" ukaishia hapo, yule mtoto ungemwacha uvunguni bila kumwona.

Kwa hiyo zoezi lako liwe hili. Soma aya, funika kitabu, andika kwa maneno yako ya kawaida ulichokijua au kukihisi: "nimeogopa", "nimemchukia huyu bwana", "nimejua watoto wamejificha ingawa sikuambiwa". Funua kitabu, tafuta neno au mpangilio uliokufanya uhisi hivyo. Uondoe, uweke wa kawaida mahali pake, uone kilichopungua. Baada ya hapo ndipo ulete jina. Jibu lako litageuka, liwe kama hivi: "Mwandishi anaupa mlango kikohozi ilhali watu wote nyumbani wamenyamaza, tashihisi hiyo inatuonyesha hofu iliyowafunga watoto midomo." Mwalimu wako hatapata pa kuandika "kwa hiyo?", maana umeshamjibu.

Usidharau majina, lakini. Yanasaidia wasomaji wawili kuelewana haraka, na mtihani unayataka. Pia usiogope kusema kwamba mbinu fulani imefanya kazi ndogo. Mwandishi akisema mtu alikuwa "mweusi kama mkaa", pengine amelishika tu neno lililokuwa karibu na mkono wake. Hulazimiki kuligeuza kuwa hazina.

Sasa lile deni. Miaka mingi iliyopita niliwapa wanafunzi wangu hadithi fupi, nikawataka waeleze mbinu zilizotumika. Mmoja aliandika sentensi moja tu: "Katika hadithi hii, kila mvua ikinyesha kuna mtu anadanganya." Mwongozo wangu wa kusahihisha ulitaka neno "taashira", yaani kitu kinachosimamia jambo jingine, pamoja na mifano mitatu. Neno halikuwepo, mifano haikuwepo. Nilimpa alama 2 kati ya 10. Usiku ule niliisoma tena hadithi ile, ambayo nilikuwa nimeifundisha kwa miaka sita. Mvua ilinyesha mara nne. Mara zote nne alikuwepo mtu anayedanganya. Mimi sikuwahi kuiona. Asubuhi nilibadilisha alama zake mbele ya darasa na kumwomba radhi, lakini uso aliokuwa nao jana yake alipopokea karatasi bado ninao. Ndiyo maana nakusisitizia: ona kwanza, jina baadaye.

*

Mwalimu, naomba ufupi. Je, ni kweli sitiari ni bora kuliko tashbihi? Rafiki yangu mwandishi anafuta kila "kama" anayoiona.
– Mpenda Kalamu

Si kweli, na mwambie rafiki yako aweke ufutio chini. Tashbihi inavileta vitu viwili karibu ikiacha uwazi kati yao, kwa "kama", "mithili ya", "mfano wa", "utadhani". Sitiari inauziba uwazi ule. Ukisema "moyo wake ulikuwa kama jiwe", bado kuna mlango wa kurudi. Huenda kesho ukalainika. Ukisema "moyo wake jiwe", umefunga. Mwandishi anayemwonea huruma mhusika wake huenda anaihitaji sana hiyo "kama". Anayefuta kila "kama" anahukumu kila kitu.

Kitu cha kuhofia zaidi ni sitiari iliyokufa. Tunasema mkono wa saa, mguu wa meza, mdomo wa chupa, kichwa cha habari, na hatuoni tena mkono wala mguu. Hizo ni halali, zimeshakuwa maneno ya kawaida. Lakini mwandishi hodari anaweza kuzifufua: "Meza ilikuwa na mguu mmoja uliokuwa umechoka kusimama." Mara moja ule mguu umekuwa mguu tena.

*

Salaam Mwalimu. Binti yangu ana miaka 11. Anasoma kwa sauti nzuri, hakwami popote. Lakini nikimuuliza habari aliyoisoma inasema nini, ananirudishia sentensi ya mwisho peke yake. Hadithi anazielewa. Shida ni habari za maarifa: sayansi, jiografia, mambo kama hayo. Nifanyeje?
– Baba Binti

Ndugu yangu, umeandika jambo muhimu bila kujua: hadithi anazielewa. Hilo linanionyesha akili yake ni nzima na macho yake ni mazima. Kinachokosekana ni ramani.

Mtoto amesikia hadithi tangu hajui kusema. Anajua, bila kufundishwa, kwamba kutakuwa na mtu, mtu huyo atataka kitu, atazuiwa, na mwishoni atakipata au atakikosa. Kila sentensi anayoisoma inapata mahali pa kukaa. Habari ya maarifa haina huyo mtu. Binti anazipokea sentensi kumi kama mawe kumi mkononi, mengine yanadondoka, linabaki la mwisho. Kumbe nazo habari za maarifa zina umbo. Tatizo ni kwamba zina maumbo kadhaa, na hakuna aliyemtajia.

Nitachukua jambo moja, kupatwa kwa mwezi, nikuandikie kwa maumbo matatu. Msomee binti.

La kwanza: "Kwanza kivuli hugusa ukingo wa mwezi. Kisha husogea polepole mpaka kiufunike wote. Mwezi hugeuka rangi, ukawa mwekundu hafifu. Baadaye ukingo mmoja huanza kung'aa tena, na hatimaye mwezi wote hurudi kama ulivyokuwa." Huu ni mfuatano. Mwandishi anakutembeza katika muda.

La pili: "Mwezi hupatwa kwa sababu Dunia huingia kati yake na Jua, na kivuli cha Dunia huuangukia. Hali hiyo hutokea wakati wa mwezi mpevu tu, maana hapo ndipo Jua na Mwezi huwa pande mbili tofauti za Dunia. Hata hivyo haitokei kila mwezi mpevu, kwa kuwa njia ya Mwezi imeinama kwa takriban digrii 5, na mara nyingi Mwezi hupita juu au chini ya kivuli." Hii ni sababu na matokeo. Muda umekaa pembeni. Anayekuongoza ni "kwa sababu", "maana", "kwa kuwa".

La tatu: "Kupatwa kwa mwezi huonekana na kila aliye upande wa usiku wa Dunia, ilhali kupatwa kikamilifu kwa jua huonekana katika ukanda mwembamba tu. Tukio la mwezi hutazamwa kwa macho matupu bila hatari. La jua huhitaji kinga maalumu ya macho. La mwezi laweza kuendelea katika giza kamili zaidi ya saa nzima, wakati la jua halifiki hata dakika 8." Huu ni ulinganishi.

Jambo ni lile lile angani, lakini maswali yanayojibiwa ni matatu: linatokeaje, linatokea kwa nini, linatofautiana vipi na jingine. Msomaji akijua swali, kila sentensi anaipa kazi yake. Yapo maumbo mengine, kama lile la tatizo na suluhisho, au lile la maelezo matupu ambamo kitu kinaelezwa sehemu kwa sehemu. Anza na haya matatu.

Ushauri wangu: kabla binti hajakuambia alichosoma, mwache achore. Kama ni mfuatano, achore visanduku vinavyofuatana kwa mishale. Kama ni sababu na matokeo, achore mshale mmoja mnene kutoka sababu kwenda tokeo, na ikiwa sababu ni tatu, mishale iwe mitatu ikikutana mahali pamoja. Kama ni ulinganishi, apige mstari katikati ya karatasi. Akishindwa kuchagua mchoro, hapo umepata penye tatizo: hajajua mwandishi anajibu swali gani. Mrudishe kwenye kichwa cha habari na sentensi ya kwanza, si kwenye habari nzima.

Kuna mtego mmoja ambao hata watu wazima wananaswa nao. Mfundishe kuyaangalia maneno ya kuunganisha, lakini asiyaamini yote. "Baada ya" si "kwa sababu ya". Jogoo anawika, kunapambazuka; hakuna anayedhani jogoo ndiye aliyelichomoza jua. Lakini andika "Baada ya sheria mpya kupitishwa, mito ilikauka", na nusu ya wasomaji watailaumu sheria. Mwandishi ametaja mfuatano tu, sababu imeongezwa na msomaji. Mwulize binti kila akutanapo na "baada ya": je, mwandishi amesema hiki kimekisababisha kile, au amesema tu kimetangulia? Mtoto wa miaka 11 anaweza swali hilo, na litamfaa kuliko kusoma bila kukwama.

*

Mwalimu, katika kikundi chetu cha kusoma tumegombana. Riwaya tuliyoisoma inasimuliwa na mtu anayesema "mimi", na huyo "mimi" anawadharau wanawake ukurasa baada ya ukurasa. Nusu yetu wanasema mwandishi ana tabia mbaya na tusisome kitabu chake kingine. Nusu wanasema la. Tuamulie.
– Katibu wa Kikundi

Siwezi kuamua juu ya kitabu ambacho sijakiona, lakini naweza kuwapa kipimo. Yule "mimi" ni msimulizi. Ametungwa, kama alivyotungwa mhusika mwingine yeyote. Kumhukumu mwandishi kwa maneno ya msimulizi ni sawa na kumkamata mwigizaji kwa mauaji aliyoyafanya jukwaani.

Hata hivyo nusu ya pili ya kikundi isishangilie mapema, maana mwandishi anaweza kweli kukubaliana na msimulizi wake. Tofauti itaonekana wapi? Katika nyufa. Angalieni kifungu hiki nilichokitunga:

"Mimi sina wivu. Jana nilipita mbele ya nyumba yao mara nne tu, na mara zote nilikuwa na safari zangu."

Msimulizi anadai kitu. Maelezo yake mwenyewe yanamkana. Nani aliyeiweka ile "mara nne tu"? Msimulizi haoni kwamba imemfichua, ila mwandishi anaona, nasi tunaona, na hapo mwandishi na msomaji wanatazamana juu ya kichwa cha msimulizi. Hicho ndicho kinaya: kinachosemwa na kinachoeleweka vinakwenda njia mbili.

Rudini kwenye riwaya mkatafute nyufa kama hizo. Je, wanawake anaowadharau wanaonyeshwa wakifanya mambo yanayompinga? Je, matukio yanamuumbua? Je, kuna mhusika hata mmoja anayemjibu na jibu lake likasimama? Mkizipata, mwandishi amewakabidhi mtu huyu ili mmchunguze. Msipozipata hata moja tangu mwanzo hadi mwisho, nusu ya kwanza ina haki ya kuuliza maswali makali. Leteni kurasa, mzisome kwa sauti. Ugomvi wa kurasa unafaa kuliko ugomvi wa hisia.

*

Mwalimu, mimi ni mzee wa miaka 78. Nilisoma vitabu vingi ujanani. Hivi vya siku hizi vinanichosha. Vinaanza mwishoni, vinarudi nyuma, vinaruka mbele. Mhusika amekufa ukurasa wa 1, ukurasa wa 40 yuko hai anacheka. Kwa nini mtu asisimulie jambo kama lilivyotokea? Naona ni maringo ya waandishi.
– Mzee Msomaji

Shikamoo, mzee wangu. Nakubaliana nawe nusu. Wapo wanaoirarua hadithi vipande kwa sababu tu wamewaona wengine wakifanya hivyo, na msomaji anaachwa akiokota. Lakini niruhusu nikukumbushe kitu ambacho bila shaka umekisoma kabla yangu.

Shaaban Robert alichapisha riwaya yake Kusadikika mwaka 1951. Ndani yake, mhusika aitwaye Karama amesimama barazani ameshtakiwa, kosa lake ni kufundisha elimu ya uanasheria. Anapojitetea, anaeleza habari za wajumbe sita waliotumwa kabla yake katika pande mbalimbali, na yaliyowapata waliporudi. Mambo ya wajumbe yametangulia, lakini tunayasikia baadaye, ndani ya kesi. Mwandishi angeweza kuanza na mjumbe wa kwanza, akaja wa pili, mpaka afike kwa Karama. Tungepata taarifa sita zikifuatana. Kwa mpango ule alioupanga, kila mjumbe tunamsikia huku shingo ya msimulizi ikiwa hatarini, na kila dhuluma waliyotendewa inakuwa ushahidi katika kesi iliyo mbele yetu. Sidhani kama ulichoka ulipokisoma. Nyuma na mbele viliingiliana, nawe ukafuata bila kulalamika, kwa sababu mwandishi alikuonyesha njia.

Huku kurudi nyuma katika simulizi wataalamu wetu hukuita mbinu rejeshi, wengine kisengere nyuma. Kuitambua ni rahisi. Kujua imeletwa kwa nini ndiko kunakohitaji subira, na mimi hutumia vipande vya karatasi. Kitabu kikinichanganya, kila tukio naliandika kwenye kipande chake, na nyuma ya kipande naandika ukurasa. Kisha navitandaza mezani mara mbili: kwanza kama mwandishi alivyosimulia, halafu kama mambo yalivyotokea kwa tarehe. Mahali ambapo safu mbili zinaachana, hapo naweka kidole na kujiuliza: kufikia hapa, mwandishi alitaka nijue nini, na alitaka nisijue nini?

Chukua mfano wako mwenyewe, wa mtu aliyekufa ukurasa wa 1 na kucheka ukurasa wa 40. Tuseme riwaya inaanza hivi: "Siku tuliyomzika kaka, nilivaa shati lake." Ukurasa wa 40 ndugu wawili wanagombania shati hilo hilo, wanatupiana maneno, kaka anacheka na kusema, "Utalivaa nikifa." Kwa mpango wa tarehe, hicho ni kicheko cha ndugu wawili, tunapita. Kwa mpango wa mwandishi, sisi tunajua shati litavaliwa lini, wao hawajui. Kicheko kile kile kinatukata. Hakuna neno lililobadilika. Mahali tu pamebadilika.

Kwa hiyo usiwasamehe wote, mzee wangu. Lakini kitabu kijacho kikianza na maziko, jaribu vile vipande vya karatasi kwa sura tatu za mwanzo. Kama kila mrukio unakupa kitu ambacho mstari ulionyooka usingekupa, endelea. Kama haukupi, kifunge, na uniandikie jina lake nami nisipoteze macho yangu.

*

Mwalimu, mimi ni mtunzi mchanga. Nimetunga shairi la mama anayemngojea mtu. Wenzangu wananiambia kila ubeti una kasoro, mstari wa mwisho umekatika nusu, niujazie. Nakutumia ubeti mmoja. Nijaze au nisijaze?
– Malenga Mchanga

Wasomaji wengine nao wauone ubeti wenyewe:

Nimekaa mlangoni, jua lashuka, lashuka,
Macho natupa njiani, kila sauti nashtuka,
Nasema na moyo ndani, bila shaka atafika,
Na taa imeshawaka.

Usijaze, mwanangu. Tafadhali usijaze.

Nimehesabu mizani yako, yaani silabi za kila mshororo. Mishororo mitatu ya kwanza ina mizani 16 kila mmoja, 8 kwa 8, vina vya kati "ni", vya mwisho "ka". Wa nne una 8 tu. Wenzako wameona upungufu. Hilo ni umbo linalojulikana, linaitwa msuko: shairi ambalo mshororo wake wa mwisho ni mfupi kuliko iliyotangulia. Hujavunja kanuni yoyote ya arudhi, yaani sheria za utunzi wa mashairi.

Lakini kuwa halali peke yake hakutoshi kulitetea umbo. Linatetewa na kazi yake, na hapa linafanya kazi nzuri kuliko pengine ulivyokusudia. Katika mistari mitatu sikio langu limezoea vipande viwili: kimoja kinasema, cha pili kinajibu. Nikafika kwenye taa. Kipande cha kwanza kimesema. Nikangoja cha pili. Hakikuja. Nimengoja mahali pale pale anapongoja mama, na nimekosa kama anavyokosa. Ukimya ule wa mizani 8 ndio mtu asiyefika. Hukuandika "hajaja" popote, wala hukuhitaji. Na taa yenyewe inatujulisha kwamba jua lile lililokuwa likishuka limeshazama, na mama bado hajatoka pale mlangoni.

Nitazame pia ile "lashuka, lashuka". Mwingine angeiona takriri, yaani neno lililorudiwa, akapita. Mimi naona saa. Jua limeshuka mara mbili katika kipande kimoja, kama mtu aliyelitazama, akageuka, akalitazama tena. Ingekuwa moja, kungoja kungekuwa kufupi.

Nina mashaka na kitu kimoja tu. Msuko wako utakuwa na nguvu ikiwa beti zote zitaishia kwa kipande kile kifupi, tena ningependa kiwe kile kile, "Na taa imeshawaka", kirudi kama kibwagizo. Ukibadilishabadilisha urefu katikati ya shairi, sikio halitajua lingoje nini, na usiponizoesha kungoja huwezi kunikosesha.

Hujaniambia mwisho wa shairi. Kama katika ubeti wa mwisho yule mtu anafika, hapo ndipo mahali pa kuujaza mshororo: taa iwake, na kipande cha pili kije, mizani 8 kamili, kwa mara ya kwanza tangu shairi lianze. Wasomaji watasikia mlango ukifunguka hata kama hukuutaja. Na kama hafiki, uache vile vile.